Nyundo Zina Pembe Nne

Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga katika kijiji kimoja cha bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Kila asubuhi, kabla mama wa kwanza hajafika na debe lake, alikuwa ameshafungua mfuniko wa kinu, ameingiza mkono ndani na kupapasa nyundo moja moja. Mimi nilishika tochi. Nyundo za kinu cha mahindi ni vipande vya chuma bapa, urefu wa kiganja hivi, vimening'inia kwenye pini kuizunguka ekseli. Mashine ikiwaka zinanyooka kwa kasi na kuipiga punje mpaka ipite kwenye matundu ya chekeche. Kinachopiga ni pembe. Pembe ikilika na kuwa duara, unga unatoka chenga, mkanda unachemka, na debe lile lile linakula dizeli zaidi.

Nyundo moja ina pembe nne. Ya kwanza ikilika unaigeuza upande. Ya pili ikilika unaichomoa kwenye pini, unaifunga kwa tundu la upande wa pili, na umepata nyingine mbili. Baba aliandika kila mgeuzo kwenye kaunta buku lenye jalada lililotota oili: tarehe, pembe ya ngapi, siku ya kumwaga oili, siku ya kupaka beringi grisi. Nyundo zilipokwisha pembe zote alinunua seti nyingine, na kabla ya kuzifunga alizipima kwenye mizani ya dukani kwa mama mdogo, kwa sababu nyundo zinazotazamana zikipishana uzito ekseli inatikisika, na ekseli ikitikisika beringi hazimalizi msimu.

Mashine hiyo ilisimikwa mwaka 1993. Injini ya kwanza ilishakufa, ikaja nyingine, kisha umeme ulipofika ikafungwa mota. Kinu ni kile kile. Bado kinasaga.

Nayaandika haya kwa sababu miaka mingi sasa kazi yangu ni kuzunguka vijijini kufuatilia miradi ya maji na zana za kilimo, na karibu kila semina ninayokaa nasikia swali moja: kwa nini teknolojia haidumu vijijini? Swali hilo huniuma, maana hupita juu ya vitu vilivyodumu mbele ya macho yetu. Hakuna kijiji nilichofika kisichokuwa na mashine ya kusaga. Haikuzinduliwa na mgeni rasmi, haina kibao cha mfadhili, na hakuna ripoti inayoitaja. Ukiuliza nani anaihudumia utatajiwa mtu kwa jina na utaonyeshwa nyumba yake.

Hatua mia tatu kutoka kwenye mashine ya baba palikuwa na pampu ya mkono. Ilikuwa aina ya Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanyika Malawi na Kenya, na iliyobuniwa makusudi ili wanakijiji waifungue wenyewe. Spana moja inatosha kazi karibu yote. Pistoni inachomolewa kwa kupitia ndani ya bomba, bila kung'oa mabomba yote kisimani. Michoro yake haijafungiwa na kampuni yoyote, kiwanda chochote kinaruhusiwa kuitengeneza. Nimefungua pampu nyingi maishani mwangu, na ninaiheshimu sana hii. Waliokaa chini kuibuni walimfikiria mama aliyeko kijijini.

Ilikufa kwa sababu ya mpira mmoja. Kwenye pistoni kuna mpira wa duara, ukiukata unaona umbo la herufi U, unaoenea kwenye kiganja cha mtoto. Ndio unaobana maji yasirudi chini. Ulianza kuchoka, kina mama wakawa wanapampu mara thelathini, kisha arobaini, ndipo maji yanatoka. Halafu yakawa hayatoki kabisa.

Fedha zilikuwepo. Hilo watu wengi hawaliamini ninapowasimulia. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikuwa imeshasema kwamba jamii ndiyo mmiliki wa mradi na ndiyo itakayogharamia uendeshaji, na kijiji chetu kilichangishana kweli. Mchango ulipelekwa benki, kwenye akaunti yenye watia saini watatu. Kufikia siku ambayo pampu ilikauka, mmoja wa hao watatu alikuwa amehamia Makambako kwa mwanawe. Benki ikataka muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaomtaja mtia saini mpya, wenye mhuri. Mkutano ukaitishwa, akidi haikutimia, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga na watu walikuwa mashambani. Ulipotimia, nauli ya watu wawili kwenda Rujewa na kurudi ilikuwa kubwa kuliko bei ya mpira wenyewe. Na mpira wenyewe haukuwa Rujewa wala Chimala. Ulitafutwa Mbeya mjini, ukaletwa wa pampu aina nyingine, ukarudishwa. Miezi saba. Miezi saba yote hiyo dada zangu walichota maji ya mfereji, yaliyopita kwenye majaruba ya watu na kwato za ng'ombe.

Katika miezi hiyo hiyo mashine ya baba iliharibika mara mbili. Mara ya kwanza ilitengenezwa jioni ile ile. Mara ya pili ilikuwa beringi: ilikufa Jumanne mchana, baba akadandia lori la mchele mpaka Chimala, Jumatano saa tisa foleni ya madebe ilikuwa imeanza tena.

Kijiji kimoja, barabara moja, umaskini mmoja. Na fundi pia alikuwa mmoja. Aliyepelekwa na mradi kwenye mafunzo ya pampu, akarudi na cheti na kisanduku cha spana, ndiye huyo huyo aliyekuwa akiifungua injini ya baba. Kwa hiyo siwezi kusema ujuzi ulikosekana.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mtu mzima, nilimkuta amekaa kivulini anachonga mpini wa jembe. Nilimwamkia, tukaongea ya nyumbani, kisha nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua. Hakusita hata kidogo.

"Mwanangu, baba yako alikuwa ananilipa nije mashine ikiwa nzima. Kamati ya maji walikuwa wananiita msibani."

Niliporudi nyumbani nilifungua lile kaunta buku. Kila Jumamosi kuna mstari: fundi, na kiasi. Si kikubwa, na miezi ya njaa kimeandikwa kwa unga, nusu debe. Alikuwa anakuja Jumamosi jioni, anasimama, anaisikiliza mashine inavyolia, anashika nyumba ya beringi kwa nyuma ya mkono kupima joto, anasema "mkanda huu wiki mbili", anaondoka. Siku nyingi hakugusa spana. Na siku hizo nazo alilipwa.

Tangu siku hiyo naangalia kila mradi kwa jambo hili moja: fundi analipwa lini? Kama jibu ni "kitu kikiharibika", basi najua mradi huo utakufa, iwe pampu, trekta au sola. Fundi anayelipwa kwa kuharibika hana sababu ya kupita Jumamosi. Simlaumu, ana watoto. Na kijiji kinacholipa kwa kuharibika kinalipa siku ambayo hasira ni nyingi na fedha ni chache, kila mtu akimtazama mwenzake.

Serikali yetu imeligeuza suala hili mara nyingi. Mwaka 1971 lilitangazwa lengo la miaka ishirini, kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, na maji yale yalikuwa bure. Baadaye tukaambiwa tuchangie. Sheria ya mwaka 2009 ikaleta jumuiya za watumiaji maji, na sheria ya 2019 ikaunda RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na vyombo vya jamii vinavyotakiwa kuajiri fundi na mhasibu wake. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyonipa matumaini, kwa sababu kwa mara ya kwanza fundi ameandikwa kama mwajiriwa. Lakini kabla ya hapo, kila mageuzi yalishughulika na nani mmiliki, nani mwenyekiti, nani anashika mhuri. Jumamosi ya fundi haikuandikwa popote. Katika orodha moja ya vituo vya maji 59,400 iliyotokana na takwimu za Wizara ya Maji, vilivyokuwa vinafanya kazi bila kasoro ni 54 katika kila 100, na 38 havikutoa maji kabisa. Nilipoisoma orodha ile niliona mipira ya pistoni, maelfu.

Pawatila, yaani trekta ndogo za magurudumu mawili, zilipoingia Mbarali kwa wingi, baada ya serikali kutangaza mpango wa Kilimo Kwanza mwaka 2009, nilifurahi mno. Anayejua jembe la mkono kwenye tope la jaruba atanielewa. Lakini nikawa nazikuta zimeegeshwa chini ya miembe, kuku wanatagia kwenye tela. Karibu zote zilikufa ugonjwa mmoja. Injini ile ya silinda moja ina chujio la hewa lenye kikombe chini, na ndani ya kikombe kuna oili kidogo. Vumbi likiingia linanasa kwenye oili. Kikombe kinatakiwa kufunguliwa, kumwagwa na kusafishwa, na wakati wa kiangazi, pawatila inapobeba magunia kwenye vumbi la Usangu, hiyo ni kazi ya karibu kila siku. Usipofanya, vumbi linapita, linasaga ringi na silinda kama msasa. Injini inaanza kula oili, moshi unakuwa wa bluu, nguvu zinaisha, na siku moja haiwaki. Kazi yenyewe haimalizi robo saa, na kinachohitajika ni kitambaa na dizeli kidogo.

Dereva alijua. Kwenye kila kikundi nilichotembelea dereva alijua, aliweza hata kunionyesha. Lakini dereva alilipwa kwa ekari. Jioni akimaliza ekari yake ya mwisho malipo yake yameshafika kikomo, na ile robo saa ni ya nani? Wanachama ishirini, kila mmoja akiisubiri pawatila iende kwake kesho alfajiri, hakuna hata mmoja aliyeinunua robo saa ile.

Kuna mama mmoja, mkulima wa mpunga wa Ubaruku, ambaye amenifundisha zaidi ya semina zote. Alinunua pawatila yake kwa fedha za mavuno, kwa kudunduliza. Yeye humlipa dereva wake mara mbili. Kuna ya ekari, na kuna ya jioni. Ya jioni haitoki mpaka pawatila imeegeshwa nyumbani, kikombe kimefunguliwa, na yeye mwenyewe amechovya kidole kwenye oili. Nilikuwepo jioni moja. Alichovya, akainua kidole kwenye mwanga wa taa, oili ikatiririka safi ya rangi ya asali, akajifuta kwenye kanga kuukuu na kuhesabu noti. Hakusema neno. Pawatila hiyo ilikuwa na misimu sita siku hiyo, na injini haijawahi kufunguliwa.

Wengine watasema hapo nimejibu: kitu cha mtu binafsi hudumu, cha kikundi hufa. Sikubali. Mifereji ya Usangu ni ya vikundi, mingine ina umri mkubwa kuliko mimi, na inaishi. Watu wanatoka kwa msaragambo kufukua mchanga, kila mtu kipande chake kimepimwa kwa hatua, na asiyetoka anajua zamu yake ya maji itarukwa. Hasara inamfikia wiki ile ile. Kwenye pampu ile ya mkono hasara ilimfikia nani wiki ile? Iliwafikia kina mama, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtia saini.

Kwa nje ya kwetu, mfano ninaoufuatilia kwa karibu ni wa Kenya. Huko Kyuso, kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakishirikiana na Wakenya walifunga vifaa vidogo kwenye mipini ya pampu za mkono, vikawa vinahesabu mpini unavyopanda na kushuka na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mpini ukinyamaza, fundi anajua bila kupigiwa. Muda wa pampu kukaa mbovu, uliokuwa wastani wa siku 27, ukashuka chini ya siku 3. Waliosoma habari ile wengi walikipenda kile kifaa. Mimi nilipenda kilichofuata. Kazi hiyo ilizaa kampuni za mafundi ziitwazo FundiFix, huko Kitui na Kwale, ambako vijiji vinalipa ada ndogo ya kila mwezi, pampu iwe nzima au mbovu, na mafundi wanajifunga kuitengeneza ndani ya siku tatu. Ukikaa na hesabu hiyo utaona imegeuza kila kitu: sasa pampu ikiharibika anayeingia hasara ni fundi, kwa hiyo ana kila sababu ya kubadilisha mpira kabla haujakatika.

Na jambo moja lisemwe wazi. Hata huko, ada ya wanavijiji haitoshi. Pengo linazibwa na mfuko maalumu wenye fedha kutoka nje ya kijiji. Naona ni haki kabisa. Anayekaa mjini bomba lake halitunzwi na kamati ya mtaa wake wala hachangishwi vitunguu kununua valvu. Tumemtaka mkulima wa jembe la mkono ajitegemee kwa kiwango ambacho hatujawahi kumtaka mtu wa mjini. Wakati huo huo fedha za kujenga hupatikana kila mwaka. Fedha za kutunza ndizo zinazoitwa utegemezi.

Sasa sola zinaingia. Nimeona pampu za sola zinazomwagilia vitunguu na nyanya bila tone la dizeli, na nina furaha nazo kama nilivyokuwa na pawatila. Paneli zinaweza kukaa miaka ishirini na zaidi. Kinachokufa kwanza ni kile kisanduku cha kuendeshea mota, chenye bodi ndani, kwa radi au kwa mchwa wanaotengeneza njia kwenye joto lake. Nilikuta kimoja kimetundikwa ukutani ofisini kwa mtendaji kama saa iliyosimama. Umbali wa kutupa jiwe, sokoni, kijana mwenye meza moja na kioo cha kukuzia alikuwa analehemu bodi ya simu, nyaya nyembamba kuliko unywele. Hakuna aliyewahi kumpelekea kisanduku. Mradi ulimtafuta kijana mwingine, mwenye cheti cha sekondari, ukampeleka mafunzo siku tano, naye alishahamia Dar es Salaam. Kama ningekuwa na uwezo, kila mradi wa sola ungeanza kwenye meza ya yule wa simu, kumpa mchoro wa bodi na vipuri vya akiba, na kumwandikia Jumamosi yake.

Kijijini kwetu tumeanza. Chombo cha maji sasa kinamlipa fundi kila mwezi, yule yule mzee na mpwa wake anayejifunza. Mpira wa pistoni na bushi za akiba vimekaa dukani kwa mama mdogo, kwenye bati la biskuti, na fedha ya dharura haiko benki, iko kwenye simu yenye namba za siri zinazoshikwa na kina mama wawili. Tulipofika mwezi wa tatu wa kulipa, malalamiko yakaanza. Kwenye mkutano mzee mmoja alisimama, akauliza kwa uchungu wa kweli kwamba pampu haijaharibika tangu tuanze kulipa, je, mtu huyu tunamlipa kwa kazi gani?

Fundi hakujibu. Alitoa kwenye mfuko wa shati mpira alioubadilisha wiki iliyotangulia, akampa mzee. Mzee akaugeuza, akampa jirani. Ukazunguka mkono kwa mkono mpaka upande wa kina mama. Bibi mmoja akauvuta kati ya vidole gumba viwili, na ufa ukafunguka, mwembamba, umezunguka karibu nusu ya duara.

"Huu ungekatika lini?"

"Mwezi wa kwanza, mama. Mkiwa majarubani."

Bibi akautazama tena. Kisha akaufunga kwenye pindo la kanga yake, na katibu akasoma ajenda iliyofuata.